Kariakoo: Mtaa Uliopewa Jina la Watu Ambao Hakuna Aliyeandika Majina Yao

Ukishuka mwendokasi pale Msimbazi saa nne asubuhi, kitu cha kwanza kukupokea si duka, ni sauti. "Pisha! Pisha! Mzigo huo!" Kijana anapita katikati ya watu na belo la mitumba mgongoni, shingo imekaza, jasho linamchuruzika, na hana muda wa kuomba radhi. Ukichelewa kupisha utajua mwenyewe. Nyuma yake mwingine anasukuma toroli lililojaa maboksi mpaka haoni mbele. Nyuma ya huyo kirikuu inapiga honi kama vile barabara ni ya baba yake. Dakika mbili hazijaisha na winga ameshakushika mkono: "Sister karibu, unatafuta nini? Viatu? Mkoba? Twende ukaone tu, kuona bure."

Hiyo ndiyo Kariakoo inayojulikana na wengi. Kariakoo ya nguo za Idi na Krismasi, ya vyombo vya bibi harusi, ya simu na makava yake, ya wigi, ya kila kitu ambacho baadaye utakiona kwenye duka la mtandaoni kimepandishwa bei mara mbili na kuandikwa "njoo inbox". Mfanyabiashara kutoka Lubumbashi anaijua. Mama wa Lusaka anaijua. Wacomoro wanaijua vizuri kuliko hata baadhi ya watu wa Mbezi.

Lakini katika purukushani zote hizo, mwenye mtaa hasa ni yule kijana mwenye belo. Hana hati ya kiwanja wala funguo za fremu, ila jina ni lake. Kariakoo maana yake ni wabeba mizigo. Na stori ya jinsi jina hilo lilivyofika pale haichekeshi hata kidogo.

Kabla ya Kariakoo kuitwa Kariakoo

Miaka ya mwanzo ya 1900, Dar es Salaam ilikuwa mji mdogo wa Wajerumani uliojibanza kando ya bandari. Maghorofa ya serikali yalikuwa ufukweni, maduka ya Wahindi yako nyuma yake kidogo, na upande wa magharibi, mahali ambapo leo mtu anapigana kupata nafasi ya kuegesha gari, kulikuwa na mashamba na minazi na vibanda vya watu weusi.

Mji ule ulipangwa kwa rangi. Wajerumani walianza, Waingereza wakaja kukaza kamba. Uzunguni kwa Wazungu, Uhindini kwa Wahindi na maduka yao, Uswahilini kwa Waafrika. Na ili mambo yasichanganyike, katikati ya Uhindini na Uswahilini likaachwa eneo la wazi. Hilo eneo bado lipo, linaitwa Mnazi Mmoja. Leo watu wanakaa pale kivulini wanasubiri wenzao au wanakula miwa, wachache wanajua kwamba uwazi ule ulikuwa na kazi yake. Ulikuwa ukuta usiokuwa na matofali.

Uswahilini hiyo ndiyo iliyokuja kuwa Kariakoo. Ila kabla mji haujamaliza kupangwa, mwaka 1914 vita vikaingia.

Vita vilivyobebwa kichwani

Shuleni watu husoma Vita vya Kwanza vya Dunia kama jambo la Ulaya: mahandaki, baridi, Ufaransa. Kumbe vita hivyo vilipiganwa hapa hapa, kwa miaka minne na zaidi, kuanzia mpakani na Kenya, vikashuka Morogoro, Rufiji, Kilwa na Lindi, vikaingia Msumbiji, na kuishia kule ambako sasa ni Zambia. Jeshi la Wajerumani huku liliweka silaha chini Novemba 25, 1918, wiki mbili baada ya vita kumalizika Ulaya.

Sasa jiulize, jeshi linakula nini porini? Risasi zinafikaje? Reli zilikuwa mbili tatu tu, na vita vilikuwa mbali nazo. Magari yalizama kwenye matope. Farasi na ng'ombe walikufa kwa maelfu kwa sababu ya mbung'o. Kikabaki chombo kimoja cha usafiri ambacho kilikuwa kinaweza kupita kokote: kichwa cha mtu.

Waingereza wakaunda kikosi cha wabeba mizigo, wakakiita kwa lugha yao Carrier Corps. Mwanzoni walichukua watu waliokubali kwa mshahara. Vita vilipokolea, kukubali hakukuwa tena na maana. Kenya sheria ya kuwalazimisha watu ilipitishwa mwaka 1915, na mwaka 1917 ukafanyika msako mkubwa ambapo machifu walitakiwa kutoa idadi ya vijana, wapende wasipende. Huku upande wa Wajerumani hali ilikuwa ile ile: jeshi likifika kijijini linachukua chakula, kisha linachukua na watu wa kukibeba.

Kwa upande wa Waingereza peke yake, walioandikishwa katika vita vyote hivi wanakadiriwa kufika milioni moja hivi, kutoka Kenya, Uganda, Tanganyika, Nyasaland, Rodesia, Kongo na kwingineko. Fikiria idadi hiyo katika zama ambazo Dar es Salaam nzima ilikuwa mji wa watu makumi ya maelfu tu.

Kila mmoja alibeba mzigo wa karibu kilo 25, siku baada ya siku, njia ya miguu. Na mbeba mizigo mwenyewe anakula. Kwa hiyo kadiri safari inavyokuwa ndefu, ndivyo wanavyohitajika wabebaji wa kubeba chakula cha wabebaji wenzao. Hesabu hiyo ilikula watu. Mvua za mwanzo wa 1917 ziligeuza Rufiji kuwa bahari, chakula kikapungua, na unga waliopewa mara nyingi ulikuwa mbovu, au wa nafaka ambayo matumbo yao hayajaizoea. Malaria, nimonia na kuhara damu vilimaliza watu kuliko risasi. Mtu wa bara kwenye baridi ya nyanda za juu, ameshinda kwenye tope, na blanketi moja: hakuhitaji adui.

Hesabu rasmi ya Waingereza inasema waliokufa upande wao walikuwa zaidi ya 90,000. Upande wa Wajerumani hakuna aliyehesabu kwa makini.

Kambi nje kidogo ya mji

Dar es Salaam iliangukia mikononi mwa Waingereza Septemba 4, 1916. Bandari ikawa mlango wa vita: meli zinashusha mizigo, mizigo inahitaji vichwa. Wabebaji waliletwa kwa maelfu, na mahali pa kuwaweka pakatafutwa nje kidogo ya mji, ng'ambo ya eneo lile la wazi, upande wa Uswahilini.

Kambi ikaitwa kwa jina la kikosi. Watu wa Dar hawakuwa na haja ya kuhangaika na matamshi ya Kiingereza. Wakalichukua jina wakalilainisha mdomoni, likatoka: Kariakoo.

Ndani ya kambi hiyo walikuwa watu ambao hawakuwahi kukutana kabla. Mnyamwezi ambaye babu zake walibeba pembe za ndovu mpaka pwani. Mkikuyu na Mjaluo waliotolewa vijijini kwa orodha ya chifu. Mganda, Mngoni, Mmanyema. Lugha ya kuelewana ikawa Kiswahili, cha kuokoteza, cha amri na matusi na kuombana maji. Wengine waliondoka pale na mzigo kwenda kusini na hawakurudi. Wengine walirudi kufa pale pale kambini. Na wengine vita vilipokwisha hawakuwa na nauli, nguvu wala sababu ya kurudi kwao, wakabaki mjini.

Mwaka 1918 homa kali ya mafua iliyozunguka dunia ikapiga na huku, ikamalizia wengi waliokuwa wamenusurika.

"Paachwe parudiwe na pori"

Baada ya vita Waingereza wakaunda mpango mzuri sana wa kuwakumbuka askari wao waliokufa. Kila mtu jiwe lake, kila jiwe na jina, bila kujali cheo. Ukienda kwenye makaburi hayo popote duniani utaona nyasi zimekatwa vizuri, mawe meupe yamepangwa mstari.

Wabeba mizigo hawakuingia kwenye mpango huo. Katika miaka ya 1920 maofisa waliohusika walikubaliana kwamba yale makaburi makubwa ya wabeba mizigo, ya Dar es Salaam na kwingineko, hayana haja ya kutunzwa. Yaachwe tu, pori lirudi juu yake haraka iwezekanavyo. Gharama ya kuwaandika ilionekana kubwa kuliko thamani yao.

Hata mishahara iliingia kwenye giza hilo hilo. Waliokufa walikuwa wanadai. Lakini kumlipa maiti unahitaji kujua jina lake sahihi, kijiji chake na mke wake au mama yake, na kumbukumbu hizo hazikuwepo, au ziliandikwa ovyo na karani asiyejua lugha. Fedha nyingi zikabaki bila mwenyewe, hazikufika kwenye nyumba ambazo zilikuwa zinamsubiri mtu arudi.

Kilichojengwa ni sanamu. Ile sanamu ya askari katikati ya Samora, ambayo watu hupiga nayo picha na kusema "tukutane pale Askari Monument", ilisimamishwa mwaka 1927. Wabeba mizigo wametajwa kwenye maandishi ya chini. Aliyesimama juu, na bunduki, ni askari. Kule Nairobi walifanya tofauti kidogo: kwenye sanamu iliyopo Kenyatta Avenue wamesimama watu watatu, na mmoja wao ni mbeba mizigo.

Ilichukua zaidi ya miaka mia moja. Aprili 2021 taasisi ya Uingereza inayosimamia makaburi ya vita ilitoa ripoti ikikiri kwamba Waafrika na Waasia wengi, pengine mpaka 350,000, hawakukumbukwa kwa majina au hawakukumbukwa kabisa. Waziri wa ulinzi wa Uingereza akasimama bungeni akaomba radhi. Habari hiyo huku ilipita kimya kimya, siku mbili tatu kwenye magazeti, basi.

Lakini Dar ilikuwa na kumbukumbu yake tangu zamani, na haikuhitaji jiwe. Kila konda aliyewahi kuita "Karikoo, Karikoo, wawili tu!" alikuwa anawataja. Hakujua tu.

Vibao vya mitaa

Anayetembea Kariakoo kwa kutazama vitu dirishani huwa hasomi vibao vya mitaa. Ni kosa dogo. Mitaa ya pale inajua mambo.

Narung'ombe. Tandamti. Mahiwa. Kwa mnunuzi hizo ni anuani za mzigo: mtu anakwambia "shuka Narung'ombe, ulizia duka la vyombo". Lakini hayo ni majina ya sehemu za kusini, upande wa Kilwa na Lindi, ambako mwaka 1917 yalipiganwa mapigano makubwa. Narung'ombe ilikuwa Julai. Tandamuti, kilima karibu na Lindi, ilikuwa Agosti. Mahiwa ilikuwa Oktoba, na ndiyo iliyokuwa ya damu nyingi kuliko zote katika vita vya Afrika Mashariki. Risasi zote zilizotumika kule zilifika juu ya vichwa vya watu. Leo kwenye Mtaa wa Mahiwa mtu anabishana kuhusu punguzo la elfu mbili.

Kisha kuna mitaa yenye majina ya watu na walikotoka: Nyamwezi, Swahili, Kongo, Pemba, Mafia, Lindi. Ukiyasoma yote kwa mpigo ni kama vile mtu ameita orodha ya wapangaji.

Waliobaki wakajenga mji

Miaka ya 1920 eneo la kambi likapimwa viwanja na kuwa makazi ya Waafrika, na soko likaanza kufanya kazi pale. Zikajengwa nyumba za Kiswahili ambazo wazee wa mjini bado wanazikumbuka: korido katikati, vyumba vitatu huku vitatu kule, uani jiko na choo, mbele baraza. Mwenye nyumba anakaa chumba kimoja, vitano anapangisha. Kila chumba kabila lake, kila jioni harufu ya chakula tofauti. Barazani wanaume wanacheza bao, uani wanawake wanasukana na kupanga ngoma ya wiki ijayo.

Watu ambao serikali iliwaona kama vichwa vya kubebea mizigo wakaanza kutengeneza vitu ambavyo nchi nzima inavigombania mpaka leo.

Mpira, kwa mfano. Mwaka 1935 vijana wa huko wakaanzisha klabu ambayo ndiyo Yanga. Mwaka uliofuata ikazaliwa ile ambayo ndiyo Simba. Makao makuu ya mmoja yako Jangwani na Twiga, ya mwingine Mtaa wa Msimbazi, mwendo wa miguu tu. Ndiyo maana mechi yao inaitwa Kariakoo Derby hata ikichezwa kwa Mkapa. Ugomvi wa nchi nzima ulianza kama ugomvi wa majirani.

Siasa nayo. Julai 7, 1954 watu 17 walikutana kwenye nyumba iliyopo mtaa ambao sasa unaitwa Lumumba, Kariakoo, wakaanzisha TANU. Majina makubwa ya siku ile yapo vitabuni. Waliokijaza chama baada ya hapo ni watu wasioandikwa: wauza maandazi, madereva, wapishi, na hasa wanawake wa vikundi vya ngoma, ambao walikuwa tayari na viongozi wao, michango yao na mtandao wa kupeleka habari uani kwa uani. Ujumbe ukiingia Kariakoo asubuhi, jioni umeshafika Magomeni. Bila simu.

Na starehe pia. Bendi za dansi, taarabu, ngoma za harusi, baadaye ukumbi wa DDC Kariakoo ambako watu wazima wa leo walikanyagana miguu wakiwa vijana. Wanaokwambia kwamba zamani hakukuwa na maisha ya usiku wanakudanganya.

Paa la miamvuli

Mwaka 1975 Kariakoo ilipata jengo ambalo liliifanya ijulikane hata na asiyefika: soko jipya lenye paa la vitu kama miamvuli mikubwa ya zege iliyogeuzwa juu chini. Lilichorwa na msanifu Mtanzania, kijana wa nyumbani, wakati ambao majengo makubwa karibu yote yalichorwa na wageni. Wazo lilikuwa la kawaida na la akili: Mwafrika amezoea kuuza chini ya mti, basi tumpe miti ya zege. Kila mwamvuli unapokea maji ya mvua na kuyateremsha chini kuhifadhiwa. Hewa inapita, jua linazuiwa. Chini ya ardhi ikawekwa sakafu ya mizigo ya jumla, ambayo watu waliiita Shimoni, na jina likaganda.

Ajabu ni kwamba soko kubwa vile lilifunguliwa wakati bidhaa zinakaribia kuadimika. Waliokuwepo wanakumbuka miaka ya mwanzo ya 1980: foleni ya sukari, foleni ya sabuni, dawa ya meno kama dhahabu. Mwaka 1983 ilipigwa kampeni ya wahujumu uchumi na watu wakaficha bidhaa mpaka chini ya vitanda. Kuuza kitu kwa faida ikawa dhambi.

Kisha milango ikafunguliwa kidogo kidogo kuanzia 1984, na kwa kasi zaidi kwenye zama za ruksa. Mitumba ikaingia. Vijana kutoka Lindi na Mtwara wakaja na bidhaa mkononi, mji ukawapa jina la machinga, na sasa jina hilo ni la kila anayeuza akiwa amesimama. Wafanyabiashara wa Kariakoo wakaanza kuruka Dubai, halafu Guangzhou, wakirudi na makontena. Nyumba za vyumba sita zikabomolewa moja baada ya nyingine, ghorofa zikapanda. Baraza ikawa fremu. Uani ikawa stoo. Na fremu yenyewe huipati kwa kodi tu, kuna kilemba kwanza, na kilemba cha Kariakoo kinaweza kujenga nyumba Chanika.

Ndugu yake wa Nairobi

Kwa anayedhani hii ni stori ya Dar peke yake, panda basi mpaka Nairobi. Pale karibu na Ngara na Ziwani kuna mtaa na soko la Kariokor. Jina lile lile, kambi ya kikosi kile kile. Wakenya walilitamka kivyao tu.

Kariokor ni ya tabia nyingine. Watu huenda kununua vyondo na viatu vya ngozi vilivyopambwa kwa shanga, na mchana kutafuta nyama choma na ugali kwa bei ambayo haiumizi. Haina kelele za Kariakoo. Lakini dada anayenunua sandali pale na dada anayenunua sandali Mtaa wa Kongo wanasimama juu ya historia moja, na inawezekana kabisa babu wa babu zao walilala kwenye hema moja hapa Dar.

Kutembea Kariakoo kwa akili

Kwa anayekwenda leo, mpangilio ni huu kwa ufupi. Kanga na vitenge, Uhuru. Nguo na viatu, Kongo na vichochoro vyake. Simu na vifaa vyake, Aggrey na jirani zake. Vipuri vya magari na mafundi wa chuma, Gerezani. Asubuhi mapema ni ya wanaonunua jumla, mchana ni ya wanaouza sura na kubana pochi. Bei ya kwanza si bei, ni salamu. Winga hana duka, anaishi kwa cha juu anachoongeza, kwa hiyo ukiweza kufika mwenyewe unaokoa hela. Ila usimdharau. Anajua kila ghorofa lina nini, na siku unayotafuta kitu ambacho hakipo, ndiye atakayekupatia.

Na tangu Februari 2025, ulipozinduliwa mpango wa biashara saa 24, kuna wanaonunua usiku wa manane kama vile ni saa saba mchana.

Lakini anayefika pale atazame vizuri na jambo moja lingine. Kontena la Guangzhou halipiti kwenye kichochoro. Lifti haipo, au ipo imekufa. Mzigo wa ghorofa ya nne unapanda kwa ngazi, juu ya mtu. Hata kirikuu, kigari kile kidogo cha kubeba mizigo, jina lake la kiwandani ni Suzuki Carry, neno lile lile lililozaa Kariakoo. Zaidi ya miaka mia imepita, na mtaa bado unaendeshwa na shingo za watu. Simamisha wabeba mizigo siku moja tu, mabilioni yote ya Kariakoo yanabaki stoo.

Moto, kifusi na majina

Usiku wa Julai 10, 2021 soko lile la miamvuli likashika moto. Watu walisimama barabarani wakitazama mtaji wa miaka ishirini ukiwaka. Mei 2023 wafanyabiashara wakafunga maduka siku kadhaa wakilalamikia mambo ya kodi na usajili wa stoo, mpaka waziri mkuu akaja kuwasikiliza Mnazi Mmoja. Kwenye ule uwanja uliowekwa kutenganisha watu, safari hii watu na serikali wakakutana.

Kisha ikaja Jumamosi ya Novemba 16, 2024. Ghorofa likaporomoka asubuhi, katikati ya biashara. Zaidi ya watu 25 walikufa. Waliofukiwa walipiga simu kutoka chini ya kifusi, na waokoaji walichimba usiku na mchana wakifuata sauti.

Siku zile mitandao ilijaa picha. Huyu alikuwa na duka la hivi, huyu alikuwa amefungua juzi tu, huyu ni mama wa watoto wawili, huyu alikuja kununua mzigo kutoka mkoani. Majina kamili, sura, sauti zao kwenye video za zamani za matangazo ya biashara. Watu ambao hawakuwajua waliwalilia kwa majina.

Hilo halirudishi uhai wa mtu. Lakini ni tofauti kubwa na ya 1917. Wakati ule mtu angeweza kuondoka Machakos au Tabora, akafia Rufiji na mzigo kichwani, na kilichobaki kwake duniani kikawa alama moja kwenye daftari la mzungu, au hata hiyo isiwepo. Mama yake akasubiri mpaka naye akafa. Hakuna picha, hakuna kaburi, hakuna hata uhakika.

Kilichobaki ni neno moja, lililokosewa matamshi, likabandikwa kwenye basi, kwenye mechi, kwenye risiti na kwenye mifuko ya nailoni. Watu milioni moja wanagawana jina moja. Si haki, lakini ndilo walilonalo.

Kwa hiyo siku nyingine kijana mwenye belo akipiga kelele "Pisha!", mpishe bila kununa. Anafanya kazi ya wenye mtaa. Na ikiwezekana, akishatua mzigo na kufuta jasho, muulize jina lake.